Nyumba zimetazamana: bao nililouziwa Mji Mkongwe

Kama unatafuta bao la kuweka sebuleni ili wageni walishangae, duka ninalolisema hapa litakufaa, nenda. Kama wewe ni mchezaji, subiri kwanza unisikilize.

Bao letu la kijiweni hapa Temeke lilipasuka baada ya kuachwa mvuani, wazee wakawa wanacheza kwenye mashimo waliyochimba chini. Nikasema jipya nitaleta mimi. Baada ya Idi hivi nikapiga simu duka moja la vinyago na mapambo huko Mji Mkongwe, Unguja, maana picha wanazoweka mtandaoni zinavutia sana. Kijana aliyepokea nilimweleza kila kitu: nataka bao la Kiswahili, la kuchezea, si pambo. Mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Nyumba mbili, yaani lile shimo maalumu la mraba la kila mchezaji kwenye safu yake ya mbele, kila moja iwe shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwa mwenye upande wake. Nikamwambia arudie, akarudia.

"Hamna tabu kaka, bao si letu sisi?"

Nikalipa, tena yote kwa mkupuo. Mtu wa Bara nimfundishe Mzanzibari habari za bao?

Lilikuja na boti, limefungwa vizuri. Nitasema haki: ubao wenyewe ni mzuri. Ni mzito, umepigwa msasa mpaka ndani ya mashimo, hauna ufa, na kete ikidondoka inatoa ule mlio mnene ambao kila mchezaji anaujua. Siku ile mngeniuliza ningewapa nyota zote tano. Kete walituwekea gololi za kioo badala ya komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, na hilo lilinikera, kwa sababu gololi hazitulii shimoni wala kiganja hakizihesabu kama kinavyozihesabu komwe. Lakini komwe tunazo zetu, 64 kamili, zimeng'aa kwa mikono ya watu. Gololi nikazisamehe.

Jioni tukakaa. Mzee mmoja, fundi hasa wa bao, akaweka kete sita nyumbani kwake, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwa nyumba, akabaki na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja kila zamu yake. Mwenzake naye akapanga vivyo hivyo. Mzee akanyamaza, akauinamia ubao, halafu akauliza: "Nani kachonga hivi? Mbona nyumba zimetazamana?"

Kijiwe kizima kikasimama kuangalia. Kweli, zimetazamana. Upande mmoja nyumba ipo shimo la tano kutoka kushoto, panapostahili. Upande wa pili imesogea, ipo la nne. Aliyechora mistari alipiga rula moja kwa moja kutoka upande huu hadi ule, nyumba ya huyu ikakodoleana macho na nyumba ya yule.

Asiyecheza ataona ni kijambo kidogo. Ngoja nieleze kwa nini nimekasirika hivi. Kwenye bao la haki nyumba hizi zinapishana, kwa sababu wachezaji wanakaa uso kwa uso, na kushoto kwangu ni kulia kwako. Zikipishana hivyo, mchezo unaanza hakuna shimo lenye kete linaloelekeana na lenye kete la mwenzake. Anayeanza hana cha kula, maana unakula pale kete yako inapoangukia shimo lako lenye kete, na shimo la mwenzako linaloelekeana nalo lina kete pia. Inabidi atakate, yaani acheze bila kula, anasogeza kete huku na kule, anamtega mwenzake, na mwenzake anamsoma. Utamu wote wa mwanzo upo hapo, watu wawili wanapimana na hakuna damu iliyomwagika. Kwenye hili letu, anayeanza anaweka kete moja nyumbani kwake na kula sita za mwenzake, papo hapo. Mwenye nyumba hajagusa hata kete yake ya kwanza, nyumba imekwenda!

Na bao bila nyumba ni nini? Hakuna dadu humu, hakuna karata iliyofichwa, kila kete ipo wazi mbele ya kila mtu, na bado fundi anakufunga usijue umefungwa saa ngapi. Nyumba ndiyo roho ya mchezo. Ikiwa na kete sita au zaidi na bado haijavunjwa, yaani kete zake hazijawahi kuzolewa na kusambazwa, mwenyewe ana haki ambayo hana kwenye shimo jingine lolote: akiwa anakula wakati wa kunamua, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumbani, anaweza kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzizoa kete za nyumba na kuendelea. Alale au asafiri? Hapo ndipo kahawa inapoa mikononi mwa watazamaji. Nimeona mtu ananamua mpaka mwisho nyumba yake imejaa anailea tu, mpinzani anajua kabisa inakuja na hana la kufanya, halafu mtaji unaanza, yaani awamu ya pili, kete za mkononi zimekwisha, anaivunja na kuzunguka mpaka safu ya mbele ya mwenzake haina kitu. Hamna, ameshinda! Watu wanapiga kelele mtaa wa pili wanasikia. Mwalimu Nyerere alikuwa mcheza bao, na sishangai hata kidogo. Ni mchezo wa mtu anayependa kufikiri mbele ya watu.

Basi, nikapiga simu dukani. Nilianza kwa adabu. Nikamsalimu, nikamkumbusha maelezo yangu, nikamwambia nyumba ya upande mmoja imekosewa. Kimya kidogo, halafu kijana akasema:

"Yakhe, kwani unataka kulicheza?"

Nimeandika neno kwa neno. Kwani unataka kulicheza. Nikamwambia mdogo wangu, nilikuambia tangu siku ya kwanza ni la kuchezea. Akasema wageni wanayanunua hivyo hivyo kila siku na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha. Nikamwambia mimi si mgeni. Akacheka. "Basi litundike ukutani, linapendeza." Akakata.

Yaani mtu anakuuzia sufuria halafu anakuuliza kwani unataka kupika! Kosa la rula lingesameheka, kila fundi anakosea. Swali lile ndilo linalonichoma hadi leo. Kijana amezaliwa pale pale, amekua akipita kwenye baraza wazee wameinamia bao, na akilini mwake bao limeshakuwa kitu cha kutundikwa. Angeniuzia hawalis ya Oman, safu nne za mashimo saba saba, ningesema sawa, ni mchezo wa watu na una heshima yake, ila si nilioagiza. Hiki alichoniuzia si mchezo wa mtu yeyote.

Kuna watakaosema puuzeni ule mraba, kubalianeni tu kwamba shimo la tano ndilo nyumba. Tumejaribu. Jicho linakwenda kwenye mraba lenyewe. Watu wanacheza kwa kasi, mkono unapita, mtu anadhani amelala kumbe amesimama shimo la jirani, ugomvi unaanza: nyumba yako ipi, hii au ile? Ile alama imewekwa ili watu wasigombane. Ikikaa vibaya ni afadhali isingekuwepo.

Sasa hapa nakiri jambo linalonifanya nisite kuwapa sifuri. Binti yangu ameling'ang'ania. Anacheza bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo, halina kunamua wala haki ya nyumba, kwa hiyo kasoro haimgusi kabisa. Ameshajua kula, ameshajua kuingiza kete kutoka kichwa cha kushoto au cha kulia, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na akisikia ule mlio wa kete anacheka peke yake. Nikimwangalia nasema labda nyota tatu. Ubao ni mzuri kweli, narudia.

Halafu namkumbuka yule kijana. Siku moja huyu mtoto atataka kucheza bao lenyewe, na macho yake yatakuwa yameshazoea nyumba zinazotazamana. Nitamfundisha upya kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kuhesabu mpaka tano? Na simu zangu sasa hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu.

Duka nalipatia nyota moja, na hiyo moja ni ya mbao. Aliyelichonga sijui kama alipewa maelezo yangu au aliambiwa tu achonge kama yale ya wageni, na mkono wake sina ugomvi nao. Kama anasoma hapa, anitafute. Atuchongee jingine, nyumba zipishane, nami nitamlipa yeye mwenyewe mkononi, bila kupitia dukani.