Albamu ya kwanza ya The Cars: upande wa pili ndio wenye bendi

Albamu ya kwanza ya The Cars, bendi ya roki ya Boston, Marekani, iliyopewa jina la bendi yenyewe na kutolewa na kampuni ya Elektra mwezi Juni 1978, ina nyimbo 9 tu na inamalizika katika muda wa dakika 35 hivi. Elliot Easton, mpiga gitaa la solo, amewahi kusimulia kwamba wenyewe walikuwa wakitaniana kuwa ingefaa iitwe mkusanyiko wa nyimbo zao bora, na utani huo haukuwa mbali na ukweli, kwa kuwa nyimbo nyingi zilizomo zilipata nafasi katika vituo vya redio vya muziki wa roki nchini Marekani na baadhi yake hazijatoka humo mpaka leo. Sifa hiyo, hata hivyo, imeegemea mno nyimbo tatu za mwanzo, na kwa kiasi fulani imeificha albamu yenyewe. Anayeisikiliza kwa utulivu kutoka mwanzo hadi mwisho atagundua kwamba upande wa kwanza wa santuri ndio ulioiuza, lakini upande wa pili ndio unaoonyesha bendi hii ilikuwa na uwezo wa kiasi gani.

Hawa hawakuwa wageni wa jukwaa. Ric Ocasek na Benjamin Orr, waimbaji wawili wa bendi, walikutana Ohio kabla ya kuhamia Boston, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoa santuri moja ya magitaa makavu na sauti za upole wakiwa na kundi la Milkwood, santuri ambayo haikufika mbali. Baadaye waliunda Cap'n Swing pamoja na Easton, nayo ikavunjika. David Robinson, mpiga ngoma, alitoka The Modern Lovers, kundi la Boston lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa watangulizi wa panki, ile roki ghafi na ya kasi. Walipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa jina la The Cars, siku ya mwisho ya mwaka 1976, Ocasek alikuwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 30. Ukomavu huo unasikika kila mahali katika albamu hii: hakuna wimbo unaovutwa ili kujaza nafasi, hakuna solo linalopigwa kwa ajili ya kujionyesha, na kila ala inajua wakati wa kuingia na, jambo ambalo ni gumu zaidi, wakati wa kunyamaza.

Redio iliwapokea kabla ya kampuni za kurekodi. Mwaka 1977 mkanda wa majaribio wenye wimbo wa "Just What I Needed" ulimfikia Maxanne Sartori, mtangazaji wa kituo cha WBCN cha Boston, naye akaanza kuupiga mara kwa mara. Wasikilizaji wakawa wanauomba, na haikuchukua muda kampuni zikaanza kuwafuata wenye wimbo. Elektra iliyowapata iliwapeleka London, katika studio za AIR, na kuwakabidhi kwa mtayarishaji Roy Thomas Baker, yule yule aliyesimamia "Bohemian Rhapsody" ya Queen. Uamuzi huo ungeweza kuwa kosa kubwa. Bendi ya vilabu, iliyozoea kupiga nyimbo fupi zilizokazwa, inapewa mtu ambaye jina lake limejengwa na uimbaji wa kurundikwa sauti juu ya sauti.

Kilichotokea ni kwamba Baker alizirundika sauti pale tu ziliporuhusiwa na wimbo. Mfano ulio wazi ni "Good Times Roll", unaofungua santuri. Beti zinaimbwa na Ocasek peke yake, kwa sauti kavu ya mtu asiye na haraka wala furaha, kisha kinapofika kibwagizo bendi nzima inaingia tabaka kwa tabaka hadi inakuwa kwaya kamili. Kejeli ya wimbo imekaa hapo hapo, kwa sababu wimbo unaowaalika watu kustarehe umepigwa polepole, hauna bashasha hata chembe, na mwenye kutoa mwaliko haonyeshi dalili yoyote ya kustarehe mwenyewe. Bendi nyingine ingeufungua upande wa kwanza kwa wimbo wa kasi. The Cars walianza kwa kutembea, na msikilizaji analazimika kuufuata mwendo wao.

"My Best Friend's Girl" ndio wimbo ambao ningempigia mtu anayetaka kuelewa muziki wa wimbi jipya (new wave), uliozuka baada ya panki, kwa dakika chache. Mwanzoni kuna gitaa linalodonolewa nyuzi zake zikiwa zimebanwa, makofi yanalijibu, na baada ya muda Easton anaingia na vipande vya gitaa vya mtindo wa rokabili ambavyo vingeweza kurekodiwa miaka ya 1950. Chini ya ukale huo wote Greg Hawkes, mpiga vinanda wa bendi, ameweka sinthesaiza yake, safi na ya kisasa kwa viwango vya wakati ule, bila kuomba radhi kwa yeyote. Maneno ni malalamiko ya mtu ambaye mpenzi wake wa zamani sasa yuko na rafiki yake, yakiimbwa kana kwamba yanasomwa kwenye gazeti. Panki ilikuwa imetangaza vita dhidi ya roki ya zamani, ilhali The Cars waliiokota, wakaifuta vumbi na kuivalisha nguo mpya.

Kuhusu "Just What I Needed" hakuna haja ya maneno mengi. Orr ndiye anayeimba, na sauti yake iliyo laini kuliko ya Ocasek ndiyo inayoufanya wimbo wenye maneno ya dharau usikike kama wimbo wa mapenzi. Sinthesaiza ya Hawkes inabeba kipande ambacho kila msikilizaji anaondoka akikivumisha, na solo la Easton ni fupi na limepangwa kiasi kwamba linaweza kuimbwa kwa mdomo noti kwa noti.

Baada ya hapo upande wa kwanza unalegea. "I'm in Touch with Your World" umejaa milio ya ajabu ajabu, mikwaruzo na vichekesho vya ala, na ingawa unafurahisha kwa mara ya kwanza, ni ubunifu uliowekwa ili uonekane kuwa ni ubunifu. "Don't Cha Stop" unakimbia vizuri ila haufiki popote. Nadhani ni nyimbo hizi mbili zilizowapa wakosoaji wa mwaka ule silaha walizozihitaji.

Geuza santuri. "You're All I've Got Tonight" unaanza na ngoma za Robinson zilizopitishwa katika mtambo wa kuzungusha sauti, kisha gitaa zito linaangukia juu yake, na hapo ndipo mtu anapokumbuka kwamba bendi hii, pamoja na unadhifu wake wote, ilikuwa bendi ya roki. "Bye Bye Love", ambao hauhusiani na wimbo maarufu wa The Everly Brothers wenye jina kama hilo, una kinanda kinachopokezana na gitaa kwa wepesi ambao hata upande wa kwanza haukuufikia.

Halafu inakuja "Moving in Stereo", wimbo pekee katika albamu ambao Ocasek aliutunga kwa kushirikiana na Hawkes, na hapa ndipo ninapoomba msikilizaji avae hedifoni. Mdundo ni wa taratibu, besi inarudia jambo lile lile kwa ukaidi, sauti ya Orr imetulia kupita kiasi, na milio inahama kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto kama jina la wimbo linavyodokeza. Hakuna kibwagizo cha kuimba pamoja. Hakuna anayesihi wala anayelia. Kuna hali tu, hali ya wasiwasi iliyopigwa pasi, na bendi inaishikilia kwa zaidi ya dakika nne bila kutetereka. Wimbo haufungwi rasmi bali unapitiliza moja kwa moja hadi "All Mixed Up", ambao unaanza kwa utulivu ule ule, unapanda kidogo kidogo kwa sauti zilizorundikwa kwa mtindo wa Baker, na kuishia kwa saksafoni inayopulizwa na Hawkes. Vituo vingi vya roki vya Marekani vimezoea kuzipiga nyimbo hizi mbili zikifuatana, na ni haki, kwa maana kuzitenganisha ni kuzipunguza. Ninaziweka juu ya "Just What I Needed" bila kusita, ingawa najua wengi hawatakubali.

Mapokezi ya wakosoaji yalikuwa ya sifa zenye guno. Kit Rachlis wa jarida la Rolling Stone alizipenda nyimbo za pop zilizomo lakini akalaumu pale bendi inapojifanya ya kisanii, pamoja na mng'aro ambao Baker aliupaka kila kitu. Mkosoaji mwingine, Robert Christgau, aliipa alama ya B+, akakubali kwamba nyimbo zinanasa na zinasikika vizuri mno redioni, kisha akaeleza matumaini yake kwamba rekodi zitakazofuata zitakuwa na ukwaru zaidi. Kwa "I'm in Touch with Your World" nipo pamoja na Rachlis. Kwa hoja ya mng'aro siko na yeyote kati yao. Mtu anayeimba kuhusu mapenzi bila kuonyesha hisia anahitaji mazingira ya kung'aa, yasiyo na doa, ili ubaridi wake uonekane kuwa umekusudiwa. "Moving in Stereo" uliorekodiwa kwa ukwaru wa klabu ungekuwa wimbo wa polepole tu, basi.

Wanunuzi, kwa upande wao, hawakungoja ruhusa. Albamu haikupata kuvuka nafasi ya 18 katika chati ya Billboard, lakini ilikaa katika chati hiyo kwa wiki 139, na Marekani peke yake imethibitishwa kuuza nakala milioni 6. Ukizitazama singo zake, yaani nyimbo zilizotolewa moja moja, utashangaa: "Just What I Needed" ilifika nafasi ya 27, "My Best Friend's Girl" ya 35, "Good Times Roll" ya 41. Hakuna hata moja iliyokaribia kileleni nchini mwao, ingawa Uingereza "My Best Friend's Girl" ilipanda hadi nafasi ya 3. Albamu iliuzwa na vituo vya FM vilivyopiga nyimbo zake bila kujali ni singo au si singo, mwezi baada ya mwezi. Kwa kulinganisha, albamu ya kwanza ya Talking Heads, bendi nyingine ya wimbi jipya, iliyotoka mwaka uliotangulia na kusifiwa sana na waandishi, iliishia nafasi ya 97. Vituo vilivyokuwa vikiogopa chochote chenye harufu ya panki viliona katika The Cars magitaa vinavyoyafahamu, vikafungua mlango, na Blondie nao wakapita mlango huo huo mwaka 1979. Katika tuzo za Grammy za mwaka huo The Cars waliteuliwa kuwa wasanii bora wapya, pamoja na Elvis Costello na Toto, lakini tuzo ikaenda kwa A Taste of Honey, kundi la disko. Disko ndiyo ilikuwa imeshika usukani wakati ule.

Jalada ni jambo la pembeni, ila linastahili kutajwa. Linaonyesha mwanamke mwenye midomo myekundu akicheka nyuma ya usukani, naye ni Natalya Medvedeva, mwanamitindo mzaliwa wa Urusi ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi na mwimbaji. Picha inavutia, lakini kicheko chake hakimo popote ndani ya santuri. Robinson alikuwa ameandaa ubunifu wake mwenyewe, kampuni ikaupeleka kwenye mfuko wa ndani, na anayenunua santuri ya zamani ahakikishe mfuko huo bado upo.

Kwa anayetafuta nakala leo, zipo njia mbili. Toleo la diski mbili lililotolewa na Rhino mwaka 1999 lina rekodi za majaribio, na thamani yake kubwa ni kumwezesha msikilizaji kupima ni kipi kilikuwa cha bendi na kipi kililetwa na Baker. Mpangilio wa nyimbo, vipande vya kinanda na mapokezano ya magitaa vilikuwa vimekwisha kukamilika kwa sehemu kubwa kabla ya safari ya London. Ila toleo hilo ni la mtu ambaye tayari anaijua albamu. Anayeanza anunue ile ya kawaida yenye nyimbo 9, na akiipata katika santuri badala ya diski, ataweza kuuruka mwisho wa upande wa kwanza kwa kuinua sindano tu.