TAHADHARI: Huyu "fundi wa kutraki simu" ni mwizi, akikwambia usiripoti polisi kimbia

Wadau, msimtumie huyu jamaa hata bob. Anajiita fundi wa kutafuta simu zilizoibiwa, ako na ukurasa wenye picha ya kompyuta na nembo kama ya polisi, anajibu haraka na anaongea kwa upole kama mtu wa ofisi. Ni mwizi. Naandika hii nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, juu sasa ameshafika mpaka kwa mamangu.

Vile nilipokonywa simu kwa dirisha la matatu pale Globe, Nairobi, wengine mnaijua, sirudii. Laini nilirudisha siku ileile, nilienda na kitambulisho nikabadilishiwa, pesa ya M-Pesa haikuguswa, mpaka hapo nilikuwa sawa. Shida ilikuwa simu yenyewe. Ile simu ndio duka langu, kuna orda za viatu mle, kuna picha nilipiga Gikomba saa kumi na moja asubuhi, kuna watu walikuwa wamelipa nusu na sikuwa nimeandika majina yao mahali pengine popote. Wateja wanapiga wanauliza mzigo wao uko wapi na mimi sijui nani alilipia nini. Na kila mtu kwa ploti ananiambia aki usijisumbue na polisi, simu Nairobi haitafutwi, utaambiwa nenda utarudi, kwanza utaombwa ya chai. Sasa mtu akikuja amekuambia anaweza kuipata leo usiku, wewe ungefanya nini?

Nilikuwa nimekaa kwa ngazi nje, pale ndio netiwaki inashika, na simu ya dadangu mkononi. Jamaa akaniuliza niko na boksi? Niko nalo. Akasema piga picha ile stika yenye IMEI, ile namba ya kutambulisha simu, na risiti ya dukani, tuma zote mbili. Nikatuma. Akanyamaza kidogo, alafu akaandika, "Nimeingia kwa mfumo. Ni Samsung nyeusi, GB 128, sivyo?" Jamani, moyo uliruka. Nikaona huyu mtu kweli ako na mitambo, amejuaje rangi na sijamwambia? Nikamwambia ndio ndio ni hiyo hiyo, nikaanza hata kumshukuru.

Ile stika. Juzi nimekalia kitanda nikatoa lile boksi nikaiangalia vizuri. Modeli imeandikwa hapo. Rangi imeandikwa hapo. GB 128 imeandikwa hapo, iko tu juu ya zile tarakimu 15 za IMEI. Alikuwa ananisomea picha niliyomtumia mimi mwenyewe.

Basi akauliza, "Umeripoti polisi?" Nikasema bado, naenda kesho asubuhi. Hapo ndio akabadilisha sauti, akanipigia kabisa, akaongea polepole akaniita madam. Ati nisiripoti kwanza, ati polisi wakiandika IMEI kwa OB, kile kitabu cha ripoti cha kituo, simu inafungwa na mnara wa netiwaki hauioni tena, yeye atashindwa na hatakuwa na la kunisaidia, nisubiri tuishike kwanza alafu nikaripoti na simu iko mkononi. Ilisikika kama kitu chenye maana. Mimi sijasomea mambo ya minara, na alitaja maneno ya kitaalamu mengi, na nyuma yake nilisikia watu wanaongea kama ni ofisi iko bize.

Mia tano ya kufungua faili. Nikatuma. Elfu mbili mia tano ya programu ya kutraki. Nikatuma. Akanitumia ramani yenye doti nyekundu, mtaa wa Umoja, jengo la ghorofa, akasema iko floo ya tatu na imewashwa saa hii. Elfu tatu ya ofisa wa kuandamana naye wasiingie kwa nyumba ya watu bure bure. Jina lililotokea kwa M-Pesa lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza, akasema ni mhasibu wao. Nikatuma. Alafu akaniomba namba ya mtu wangu wa karibu, ati vijana wakifika huko na laini yangu isumbue watampigia nani. Nikampa ya mamangu.

Usiku huo simu yake ikazimwa, nikajiambia pengine wako kwa kazi. Kesho yake mama ananipigia kutoka Kitui, sauti yake ina furaha, "Mwanangu, wamekupa simu?" Nikamuuliza nani, mama? Kumbe alipigiwa na mwanaume akajiita ofisa wa polisi, akamtajia jina langu lote, akamtajia simu, rangi yake, mpaka duka nililonunua, akamwambia binti yako ako hapa kwa kituo na simu imepatikana lakini kuna elfu mbili ya kuitoa na yeye hana. Jina na duka alitoa kwa risiti. Mama akachukua pesa ya chama, ile wanachanga na wenzake, akatuma. Pesa ya chama! Ya wamama ambao atalazimika kuwaangalia usoni Jumapili. Nikamwambia apeleke ile meseji kwa 456 ya Safaricom waangalie kama inaweza kurudishwa, lakini ilikuwa imeshatolewa.

Hapo ndio nilienda polisi. Na nataka niseme hii vizuri juu watu wanawaogopa. Nilienda na boksi, risiti, kitambulisho na meseji zote za M-Pesa. Ofisa wa kike kwa dawati aliniuliza simu ilienda wapi, saa ngapi, akaandika, akanipa namba ya OB. Hakuniomba kitu. Alafu nikamweleza ya fundi na ya mama, akaweka kalamu chini akaniangalia, akasema hizo ni kesi mbili, ya simu na ya kupata pesa kwa udanganyifu, na ya pili inaandikwa kivyake. Nikamuuliza kuhusu IMEI kufungwa na mnara. Akasema kuandikwa kwa OB hakuzimi simu ya mtu. Simu imeshika mnara gani ni rekodi ya kampuni ya simu, na anayepewa ni polisi anayechunguza, kwa njia ya sheria, mtu wa mtandaoni hawezi kuipata kwa kuandika IMEI kwa kompyuta yake. Sasa muone vile ule uongo umetengenezwa: bila OB hakuna kesi, bila kesi hakuna mtu anaulizia ile namba yake ya M-Pesa, na yeye anaendelea na wengine.

Na anaendelea. Dada mmoja tunauza naye viatu aliibiwa simu Muthurwa, akaniambia ako na fundi na simu yake imeonekana Umoja. Nikamwambia nionyeshe. Ramani ileile, doti ileile, na ukiangalia pale juu ya skrini, saa ni ileile na betri ni asilimia 17. Simu yangu na simu yake, siku tofauti kabisa, na betri ya huyo mwizi haijashuka hata moja.

Kwa hivyo mkiona mtu anataka pesa kabla, na kila ukituma inatokea ingine, na jina la M-Pesa si lake, na anaomba picha ya risiti na namba ya mtu wenu, huyo ndiye. Kubwa zaidi ni hiyo ya kukuzuia kuripoti. Kama simu ni ya Android ingia kwa akaunti yako ya Google kwa simu ya mtu unayemwamini, kuna huduma ya kuitafuta na ni bure, unaweza kuifunga ama kufuta vitu vyako ukiwa mbali, iPhone pia iko na yake. Ikikuonyesha mahali usiende peke yako, peleka hiyo kwa polisi na namba yako ya OB. Na IMEI iandikeni leo kabla hamjaibiwa, piga *#06# itatokea.

Huyu jamaa nataka afungwe. Sitaki arudishe pesa tu alafu aombe msamaha. Nimeambiwa udanganyifu wa hivi ni mpaka miaka mitatu chini ya kifungu cha 313 cha sheria ya adhabu, na mimi naona ni kidogo kwa mtu anayempigia mama mzee akijifanya polisi, hapo waongeze na hilo la kujifanya ofisa wa serikali. Na wale wananunua simu za bei ya kutupa mjini bila kuuliza risiti, kifungu cha 322 kinasema kushika mali ya wizi ni mpaka miaka 14. Hao ndio wanafanya sisi tupokonywe kwa madirisha kila siku.

Kama umewahi kutumiwa hiyo ramani ya Umoja yenye betri 17, usifute. Weka meseji za M-Pesa, weka sauti zake kama alikurekodia, nenda kituo cha karibu na kwako uandikishe, alafu unitumie namba yako ya OB. Mimi na huyo dada wa viatu tunarudi kwa yule ofisa Jumatatu na tunataka kwenda na nyingi.