Tuta la reli ya karanga, Kongwa: njia nzuri, kiongozi wake hapana

Naandika hasira zikiwa bado zimenikaa kooni. Majuzi mimi, mke wangu na shemeji yangu tulitoka Dodoma mjini kwenda Kongwa, kuendesha baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani, ile iliyochepuka kutoka Reli ya Kati pale Msagali kwenda kwenye mashamba ya karanga. Kuna vijana wanakodisha baiskeli na kutembeza watu huko. Jina lao silitaji. Baiskeli zao hazina neno: breki zinashika, cheni zina grisi. Hayo yaishie hapo.

Shida ilikuwa darajani. Ni kidaraja cha korongo tu, wametandika mbao palipokuwa na mataruma na kufunga kamba pembeni ili mtu apite na baiskeli yake. Upande wa pili tulimkuta mzee amekaa kivulini mwa mgunga, fimbo mkononi, mbuzi wake karibu. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaongeza, "Mbukwenyi, wanangu." Mke wangu ni Mgogo, akamjibu kwa Kigogo, basi mzee akafunguka. Baba yake alikuwa kibarua wa reli hii, alibeba mataruma begani. Akanyoosha fimbo kutuonyesha upande treni ilikotokea na matrekta ya Waingereza. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza jinsi udongo wa huku unavyokuwa mgumu mvua zikikatika, kiongozi wetu akamkata.

"Mzee, hebu pisha hapo, wageni wapige picha. Na usiwachanganye, hii reli ni ya Mjerumani."

Wageni! Mke wangu kazaliwa Mpwapwa, hapo jirani. Na mzee wa umri wa babu yake anaambiwa "pisha" kama mtoto aliyesimama mlangoni? Mzee hakujibu. Alinyanyuka taratibu, akawafuata mbuzi wake.

Halafu aliyekuwa akichanganya watu ni nani? Mjerumani alianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Kigoma 1914. Hiyo ndiyo yake. Mwaka 1916 alikuwa ameshafukuzwa Dodoma kwa vita. Mradi wa karanga ni wa Mwingereza, ulianza 1947 baada ya vita ya pili, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kula. Walileta hadi matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita, wakang'oa vichaka, wakapanda, na mvua za Ugogo zikawafanyia kama zinavyotufanyia sisi miaka yote. Kufika 1951 mradi ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Reli hii ya Kongwa ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Sasa Mjerumani anaingilia wapi? Mzee alikuwa anasema kweli, tena kweli aliyopewa na aliyeibeba begani.

Nilimwambia kiongozi hayo yote pale pale. Akacheka, akasema wateja wengi wanapenda kusikia habari za Mjerumani. Jioni nikampigia mwenye biashara. Naye badala ya kusema pole ananiambia, "Ndugu yangu, mbona unakuza jambo dogo?" Kumdhalilisha mzee kwenye ardhi yake ni jambo dogo?

Nilitaka kuwapa nyota moja. Lakini nikikumbuka tuta lenyewe, roho inasita. Limenyooka, halina mteremko wa kutisha, kwa sababu treni haipendi milima, hivyo hata shemeji yangu ambaye hajazoea baiskeli alikwenda bila kushuka. Kulia na kushoto kuna mibuyu, mashamba ya alizeti na mtama, upepo mtupu, hakuna bodaboda wala lori la kukupigia honi. Mahali kama hapo tunapahitaji sana sisi wa Dodoma. Haya, njia nyota tano.

Lakini huduma hapana. Nimejaribu kuwasamehe nimeshindwa, maana kila nikitazama picha tulizopiga naona pale chini ya mgunga hayupo mtu, na najua kwa nini hayupo.

Ukitaka kwenda, nenda mapema kabla ya jua la saa tano, beba maji ya kutosha, na kabla ya kulipa uliza nani atawaongoza. Ukisikia ni yule kijana mrefu mwenye kofia nyekundu, kodi baiskeli peke yake mwende wenyewe, tuta halipotezi mtu. Na mkimkuta mzee pale darajani, shukeni kwenye baiskeli, mwamkieni, kaeni chini mmsikilize hadi amalize. Ile hela ya kiongozi mpeni yeye.