Kafu na Be: Uzoefu Wangu wa Kununua Sarafu za Majimbo ya Kirumi

Nianze na alama ili mwenye haraka aende zake. Sarafu zenyewe nazipa nyota tano. Duka nalipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya bahasha, maana kufunga wanajua.

Mwezi wa Machi niliagiza seti ya sarafu tano kutoka duka moja la mtandaoni hapa Uingereza ninakoishi. Jina lao naliacha. Seti wenyewe waliiita "Makaisari na Miungu", pauni 240, na posta pauni 9 juu yake. Zote ni za majimbo ya mashariki ya Dola ya Kirumi, si za Roma kwenyewe, na hapo ndipo nilipovutika. Roma ilifua pesa zake kwa Kilatini. Huku mashariki miji mingi iliachiwa ifue pesa ya sokoni kwa Kigiriki: mbele sura ya Kaisari aliyepo, nyuma chochote ambacho mji unajivunia, iwe mungu wao, hekalu lao, mto wao au kisa cha wazee wao. Ilion, ile Troya ya hadithi, iliweka Aeneas akiwa amembeba baba yake. Abydos iliweka Leander akiogelea usiku kumfuata mpenzi wake Hero mnarani. Na Apamea ya Frigia, nilipoisoma mara ya kwanza sikuamini, iliweka safina ya Nuhu, na jina la Nuhu likaandikwa kwenye safina yenyewe kwa herufi tatu za Kigiriki. Hizo sina, na kwa mfuko wangu huu sitakuwa nazo.

Kifurushi kilifika siku ya nne. Kila sarafu na kijimfuko chake na kadi ya maelezo. Ya kwanza kuitoa ilikuwa shaba pana kama kitako cha kikombe cha kahawa, drakma ya Iskandaria. Niliipima kwenye mizani ndogo ya sonara: gramu 23.4. Mbele yupo Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia 138 hadi 161, pua imesagika lakini ndevu zinahesabika. Nyuma mzee amejilaza ubavu, unyasi mkononi, pembe imejaa matunda, na chini yake mamba. Huyo ndiye Nilus, mto Nile umepewa mwili wa mtu. Hewani karibu naye zipo herufi mbili. Kadi ya duka inasema: "Mwaka wa 16 wa utawala."

Nilikubali. Wao ndio wenye duka.

Lakini usiku ule, kioo cha kukuza mkononi, nikaona chini kabisa, pale mstari wa ardhi unapopita, kuna alama kama L na herufi mbili nyingine. Sasa hapa lazima nimtaje babu. Babu yangu mzaa mama kule Tanga alikuwa mtu wa falaki, na alinifundisha abjadi, yaani kuhesabu kwa herufi za Kiarabu, nikiwa bado nakojoa kitandani: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, he tano, mpaka ye kumi, kafu ishirini, na kuendelea. Wagiriki wanahesabu vivyo hivyo. Alfa moja, beta mbili, gama tatu, delta nne, iota kumi, kapa ishirini. Hata mpangilio unakaribia kuwa ule ule, kwa sababu herufi za Waarabu na za Wagiriki mizizi yao ni mmoja, Wafoinike. Kwa hiyo aliyesoma abjadi chuoni anaweza kusoma tarehe ya sarafu ya Iskandaria bila kujua neno hata moja la Kigiriki. Unatafuta alama ya L, ambayo maana yake ni "mwaka", halafu unasoma herufi zinazoifuata.

Baada ya L yangu palikuwa na K na B. Kafu na be. Ishirini na mbili. Mwaka wa 22 wa Antoninus Pius, yaani 158/159, kwa kuwa mwaka wa Misri ulikuwa unaanza tarehe 29 Agosti na unakanyaga miaka yetu miwili.

Basi ile 16 ya hewani ni ya nini? Haina L mbele yake. Ni dhiraa! Ni kimo cha mafuriko ya Nile. Misri ililima kwa maji ya mvua za nyanda za juu za Ethiopia, na kila mwaka watu walikwenda kupima mto umepanda dhiraa ngapi. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, ameeleza kwamba dhiraa 12 ni njaa, 13 bado njaa, 14 watu wanachangamka, 15 wanatulia, 16 ni furaha tupu. Kwa hiyo mfua sarafu aliandika 16 kama vile sisi tungeandika "mwaka wa neema". Yule mzee amejilaza vile kwa sababu kazi imekwisha. Nawaambia kweli, niliishika ile shaba nikasikia raha ambayo sura ya Kaisari haijawahi kunipa.

Nikawaandikia duka, kwa adabu, kwamba kadi yao imechukua kimo cha maji ikakifanya tarehe. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: "Asante kwa maoni yako, kadi zetu huandaliwa na wataalamu." Basi.

Kabla ya kuwaandikia nilikuwa nimejihakikishia kwenye kanzi ya Roman Provincial Coinage, mradi wa Oxford ambao juzuu yake ya kwanza ilichapishwa 1992 na sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo inasomwa bure kwenye intaneti. Unachagua mji, unachagua Kaisari, unaandika unachokiona nyuma, zinakuja picha. Kama utachukua ushauri mmoja tu kwangu, uwe huu: fungua kanzi hiyo kabla hujafungua pochi.

Ya pili ndiyo kipenzi changu. Ni ndogo, milimita 20, gramu 9.6, imeandikwa kwenye kadi kuwa ni fedha, ingawa kufikia miaka ya 270 fedha ya Iskandaria ilikuwa imebaki jina, kilichobaki ni shaba. Hii haina mungu. Ina wanaume wawili, mmoja kila upande: Aurelianus, Kaisari wa Roma, na Vabalathus, mtoto wa Zenobia malkia wa Palmyra, mji wa jangwani huko Syria. Zenobia alikuwa ameichukua Misri mwaka 270, lakini hakutaka kuvunja kabisa na Roma, ndiyo maana mwanawe na Kaisari wakawekwa kwenye pesa moja kama washirika. Soma tarehe: upande wa Aurelianus ni L na alfa, mwaka wa kwanza. Upande wa kijana ni L na delta, mwaka wa nne. Mkubwa anaonekana mgeni na mdogo mwenyeji. Sijui kama Aurelianus alicheka alipoiona. Mwaka 272 Misri ilikuwa imesharudi mikononi mwake na mambo ya Palmyra yakaisha.

Kwenye jina la kijana kadi haikugusa kitu, na ni aibu, maana ni jina la Kiarabu: Wahb Allat. Mswahili yeyote aliyewahi kusikia neno hiba anaelewa nusu yake. Hiba ya Allat, yule mungu mke wa Waarabu wa kale ambaye Surat an-Najm inamtaja. Kwa Kigiriki wakamwita Athenodoros, zawadi ya Athena, mungu mke wa Wagiriki, kwa sababu walimfananisha Allat naye. Nimezoea kusoma sarafu za kwetu za Kilwa, ambazo hazina sura ya mtu. Ile ya Sultani Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno kwamba anamtegemea Mola mwenye neema, pande zote mbili zikigongana kwa vina, Hasan na minan. Kwa hiyo kukuta Mwarabu amechorwa uso kwenye pesa, na taji juu, kulinishtua kidogo. Ukoo wa herufi mmoja, lakini nyumba mbali mbali.

Ya tatu si ya Misri. Imetoka Marcianopolis, leo ni Devnya huko Bulgaria. Mbele Gordianus wa Tatu, aliyepewa ufalme mwaka 238 akiwa na miaka 13 tu, anatazamana uso kwa uso na Serapis. Mungu aliyekuzwa na akina Ptolemaio, wafalme wa Kigiriki wa Misri, kule Iskandaria amefika mpaka upande wa Bahari Nyeusi, na bado amevaa kichwani kile kipimo cha nafaka. Ukitaka kumtambua Serapis popote, tafuta mzee wa ndevu aliyejitwisha pishi. Nyuma kuna herufi E peke yake, he, tano: sarafu hii ilihesabiwa assaria tano, yaani vipande vitano vya pesa ndogo ya shaba. Kadi safari hii ilikuwa sahihi, na jina la gavana, Menophilus, walilisoma vizuri. Sifa zao.

Ya nne, Kaisari Probus na tai. Imo. Haina ubaya.

Ya tano ndiyo iliyonitia hasira. Nero, na nyuma merikebu, aina ya mwaka wa 13, wakati Kaisari huyo alipokwenda Ugiriki kushindana kuimba na kuendesha magari ya farasi, na Iskandaria ikamfulia pesa za safari hiyo. Picha ya dukani ilikuwa nzuri mno. Mkononi ikawa na gramu 9.1, wakati wenzake huwa kwenye 12 hivi. Ukingoni umezunguka mstari mwembamba kama wa chupa ya plastiki, na usoni mwa Nero vitundu vidogo kama vya kitumbua. Sarafu ya kweli imepigwa kwa nyundo, haiwi na vitundu vya namna ile; hii ilimiminwa kwenye kalibu. Niliirudisha kwa rejista na picha sita. Wiki tano baadaye walinirejeshea pauni 48, bila posta, bila pole.

Jambo la karatasi nimelichelewesha, lakini liulizeni mapema kuliko mimi. Misri imepiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa sheria namba 117 ya mwaka 1983, kwa hiyo sarafu ya Iskandaria isiyo na historia inaweza kuwa imechimbuliwa usiku na kuvushwa. Kwa drakma ya Nilus walinipa nakala ya orodha ya mnada wa 1971, na sarafu yangu inaonekana pale kwa mkwaruzo wa shavuni. Kwa Vabalathus walinipa maneno "mkusanyiko wa zamani" na basi. Nimewaandikia tena mara mbili. Nikirudi nyuma, nisingeilipia kabla ya jibu, hata kama ni kipenzi.

Wiki iliyopita nilimpigia mjomba Tanga kumwuliza lile daftari la abjadi la babu limeishia wapi. Anasema lipo sandukuni, ila mchwa wamekula ukurasa wa mamia, kuanzia kafu kubwa kwenda mbele. Nikamwambia si neno, hakuna Kaisari aliyefikisha mia.