Resource Monitor: ipime laptopu kabla ya kununua RAM

Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 4 ikianza kukwama, ushauri wa kwanza utakaoupata kwenye maduka ya Kampala ni kuongeza RAM. Mara nyingi ni ushauri mzuri, ila si kila mara. Resource Monitor, programu ya kuonyesha RAM na diski zinavyotumika, imo tayari ndani ya Windows, haili MB zako, na inakupa jibu kabla hujatoa shilingi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, kisha Enter. Fungua programu zako za kila siku, subiri laptopu ianze kusota, halafu nenda kichupo cha Memory. Tazama safu ya Hard Faults/sec. Inahesabu mara ambazo programu ilitafuta data yake kwenye RAM ikaikosa, ikabidi isomwe kutoka diskini. Ikipanda unapofungua programu kisha ikashuka, hakuna shida. Ikikaa kwenye mamia bila kushuka, RAM haitoshi. Hakikisha kwenye kichupo cha Disk: faili la pagefile.sys likisomwa na kuandikwa mfululizo, ujue Windows imegeuza diski kuwa RAM ya dharura, na diski ya kuzunguka haiwezi kazi hiyo.

Hapa ndipo Resource Monitor inapoipita Task Manager, ambayo kichupo chake cha Processes huonyesha RAM inayoshikiliwa sasa hivi tu. Programu iliyosukumiwa diskini huonekana ndogo, kumbe ndiyo mzigo wenyewe. Rudi kichupo cha Memory cha Resource Monitor, panga orodha kwa safu ya Commit (kumbukumbu yote ambayo programu imetengewa, iwe kwenye RAM au diskini), utaiona juu kabisa. Na Free (RAM tupu) ikikaribia sifuri usishtuke: sehemu ya buluu iliyoiva, Standby (RAM yenye data ya akiba), huachiwa mara moja inapohitajika.

Hard Faults zikiwa chache huku diski iko 100%, RAM mpya haitasaidia. Angalia Response Time, muda ambao diski inachukua kujibu, kwenye kichupo cha Disk. Ikibaki mamia ya milisekunde hata kwa kazi ndogo, huenda diski inakufa. Nakili mafaili yako leo hii. Response Time ikiwa chini, safu ya majina itakuonyesha mhusika, mara nyingi Windows Update au antivirasi inayokagua, na hao wakimaliza hutulia.

Kasoro kubwa ya Resource Monitor ni kwamba chrome.exe hujirudia mistari mingi bila kusema ni ukurasa gani. Ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, kila ukurasa utaonekana na RAM yake. Tena Resource Monitor haihifadhi rekodi, kwa hiyo lazima uwe unaitazama tatizo linapotokea.

Ikithibitika ni RAM, fungua Task Manager, Performance, kisha Memory. Slots used ikisema 1 of 2, una nafasi ya kuongeza. Form factor ikiwa Row of chips badala ya SODIMM (kipande kinachochomoka), kwa kawaida RAM hiyo imechomelewa kwenye bodi. Muulize fundi pia kama RAM yako ni ya aina ya DDR3L au DDR4, kwani moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine.