Uzamili wa ukuzaji wa afya nikiwa kazini: uzoefu wangu, kabla hujalipa ada

Tangu nimalize uzamili huu wa ukuzaji wa afya, yaani kazi ya kuwawezesha watu kuilinda na kuiboresha afya yao wenyewe, maafisa afya na wauguzi wenzangu wananiuliza swali moja: inalipa? Wengi wanamaanisha mshahara, kwa hiyo tuanze na hilo tulimalize. Mshahara wangu haujasogea. Cheti nimekipeleka kwa afisa utumishi, kimeingia kwenye faili, nami nimerudi kata ile ile na pikipiki ile ile. Kama unasoma ili upandishwe daraja, muulize kwanza mwajiri wako muundo wa kada yako unasemaje, tena akujibu kwa barua. Mimi nazungumzia masomo yenyewe, maana hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi, na hapo hapo ndipo nilipochoshwa.

Ni afisa afya wa kata, Mkoa wa Pwani. Vijijini wananiita Bwana Afya, jina ambalo kwa wengi maana yake ni mtu anayekuja kukagua choo na kuondoka na faini. Kozi niliyosoma ni ya mseto: vipindi vya mtandaoni jioni, kazi za kuandika nyumbani, na kila muhula wiki chache za kukaa chuoni uso kwa uso. Chuo sikitaji, kwa sababu sehemu kubwa ya malalamiko yangu nimeyasikia pia kwa waliosoma kwingine.

Moduli ya kwanza ilianza na Hati ya Ottawa, ile iliyopitishwa Ottawa, Kanada, Novemba 1986 kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa wa ukuzaji wa afya. Inataja maeneo matano ya kazi: sera zinazojali afya, mazingira yanayomwezesha mtu kuishi vizuri, nguvu ya jamii yenyewe, stadi za mtu binafsi, na huduma za afya zinazotazama mbali zaidi ya tiba. Yasome tena polepole halafu ujiulize ofisini kwenu mnafanya lipi. Ofisi nyingi ninazozijua zinafanya la nne tu: kipaza sauti, fulana, vipeperushi, mgeni rasmi, kwisha. Mwenye kiu ya kujua kwa nini kampeni zetu zinapita na watu wanabaki walivyokuwa, jibu limekaa humo.

Lakini kilichonishika hasa ni kazi moja ya darasani. Mhadhiri alitutuma tutafute kaya katika maeneo yetu ambayo haifuati ushauri fulani wa afya, tueleze sababu, na akapiga marufuku maneno "uelewa mdogo wa jamii". Atakayeyaandika anapata sifuri. Aliyewahi kuandika taarifa ya robo mwaka ya halmashauri anajua adhabu hiyo ina uzito gani. Tukiyaondoa maneno hayo, taarifa zetu nyingi zinabaki na jedwali na sahihi.

Nikaenda kwa mzee mmoja ambaye kaya yake ilikuwa kwenye orodha ya wasio na choo bora. Baada ya shikamoo na marahaba, akadhani nimefuata faini. Nikamwambia leo nina kazi ya shule. Akacheka, akanipeleka nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho, akanionyesha mashimo mawili yaliyofukiwa nusu. "Bwana Afya, hili ni la masika yale, na hili la masika yaliyofuata. Mchanga huu haushiki. Unachimba leo, mvua ikipiga siku mbili, kingo zinaingia ndani." Ili shimo lisimame inabidi kujengea kwa tofali au kuzamisha mapipa, na vyote hivyo ni pesa ya msimu mzima wa korosho kwa mtu kama yeye. Kila alichotakiwa kujua kuhusu choo alikijua. Pengine kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyechimba.

Kazi ile niliiandika kwa kufuata modeli ya Lawrence Green, mtaalamu wa elimu ya afya wa Marekani, inayokulazimisha kutenganisha mambo matatu: yale yanayomwandaa mtu kutenda, kama elimu na imani, yale yanayomwezesha, kama vifaa, fedha na ujuzi, na yale yanayomtia nguvu aendelee, kama majirani na familia. Kwa mzee yule safu ya kwanza ilikuwa imejaa na ya pili ilikuwa tupu. Baadaye nikiwa na mafundi wa kijiji tulipiga hesabu ya tofali za kujengea mashimo ya kaya kadhaa kwa pamoja, ili mchanga na saruji vinunuliwe kwa mkupuo. Mazungumzo hayo nisingeyaanza kwa kitabu cha faini mkononi.

Mfano mwingine ulionikaa ni wa Karelia ya Kaskazini, Ufini. Mwaka 1972, mkoa ambao wanaume wake walikuwa wanakufa mno kwa magonjwa ya moyo ulianza mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Hawakuishia kuwaambia watu wapunguze siagi. Walikaa na vyama vya akina mama vijijini, na watengeneza soseji, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao baadhi yao walisaidiwa kuhamia kilimo cha matunda madogo ya huko. Ukimwambia mfugaji maziwa yake ni hatari bila kumpa pa kushika, umemtangazia vita. Nilipousoma nikawaza tumbaku ya Tabora.

Na hapa nina ugomvi na kozi. Ufini tulipewa wiki nzima, Kanada na Australia usiseme, lakini kampeni yetu ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ikapita kwenye slaidi moja. Watu kama milioni mbili, vijijini, wakiwa wamekaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu kwa zamu, wanajadili, halafu wanainuka kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Sehemu kubwa ya yale Ottawa iliyoyaandika kuhusu nguvu ya jamii, wazee wetu walikuwa wanayafanya miaka kumi na tatu kabla. Mwanafunzi wa Tanzania asiyetoka na hilo kichwani amepunjwa. Nilililalamikia kwenye fomu ya tathmini, sijui kama kuna anayezisoma.

Walimu wangu wengine walikuwa wanafunzi wenzangu. Darasani tulikuwa na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mwalimu wa sekondari, watu wa mashirika, na mtangazaji wa redio ya jamii. Huyo mtangazaji alitufundisha kuandika ujumbe wa nusu dakika kuliko moduli nzima ya mawasiliano. Alikuwa anatusomea rasimu zetu kwa sauti ya hewani, tunajisikia, tunafuta wenyewe.

Takwimu ni ngumu kama ilivyo kila mahali. Anza mapema.

Sasa kuhusu hilo neno "kwa walio kazini" wanaloliweka kwenye tangazo. Vipindi vilianza saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mtu wa kata ndiyo kwanza anaegesha pikipiki, na muuguzi wa zamu ya mchana bado yuko wodini. Rekodi zilikuwepo, ila bando linaisha kabla ya video kufika nusu. Nilijifunza kupakua sauti peke yake usiku. Umeme ukikatika tarehe ya kukusanya kazi, mfumo haukuelewi. Na ada si gharama yote: nauli, malazi ya zile wiki za chuoni, bando, uchapaji na malipo ya kibali cha utafiti. Pigia hesabu vyote kabla hujaanza.

Tasnifu ndiyo iliyonikalia vibaya. Msimamizi wangu alikuwa mjuzi na mwenye wanafunzi wengi mno. Unatuma sura, unangoja, unakumbusha kwa adabu, "samahani daktari, nakukumbusha tu", unangoja tena. Ikafika mahali akahamishiwa majukumu mengine, na aliyempokea akataka nibadilishe mbinu ya utafiti.

Kamati ya maadili ya utafiti, kwa upande wake, nilianza kwa kuichukia nikaishia kuiheshimu. Nilikuwa nimeomba kufanya utafiti wa vyoo katika kata yangu mwenyewe. Wakaniuliza: mtu anayejua kwamba wewe ndiye unayempiga faini, atakataa vipi kuhojiwa nawe? Ridhaa yake itakuwa ya hiari kweli? Sikuwa na jibu. Nikahamishia utafiti wilaya nyingine, jambo lililonirudisha tena kwenye foleni ya barua: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi, mtendaji wa kata. Swali lile moja lilinifunza kuhusu mamlaka niliyonayo kuliko mihadhara ya maadili yote.

Kwa hiyo ningemshauri nani? Aliye na jamii ya kufanya nayo kazi kila wiki: afisa afya, muuguzi wa kliniki, afisa lishe, ustawi wa jamii, mwalimu wa afya shuleni. Kazi za darasani zinakula kazi yako ya kila siku na kukurudishia ikiwa imechambuliwa. Kama uko ofisi isiyoonana na watu, au unataka zaidi mambo ya milipuko na maabara, tafuta uzamili wa afya ya jamii au wa epidemiolojia.

Kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Waliomaliza mwaka jana walianza lini? (Ukijibiwa kwa kuzungukwa, umejibiwa.) Na je, ukihamishwa kikazi katikati ya kozi, wanakuruhusu kusimama na kuendelea bila kulipa upya? Hilo la mwisho usilichukulie mzaha. Mwenzetu mmoja, muuguzi hodari, alihamishiwa kituo kisicho na mtandao wa kueleweka akiwa amebakiza tasnifu tu, na mpaka naandika haya anajadiliana na chuo kuhusu ada ya mwaka ambao hakusoma. Barua ya ruhusa ya mwajiri anayo. Ruhusa ya kusoma imo, ila hakuna mstari unaosema hatahamishwa.