Uvimbe uliopasuka kwenye ovari: uzoefu wangu wa hospitali mbili za Nairobi

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nikipandisha mtungi wa maji wa lita 20 hadi orofa ya tatu, kwa kuwa mifereji ya mtaa wetu wa Umoja ilikuwa imekauka tangu Alhamisi, maumivu makali yaliponichoma ghafla chini ya kitovu, upande wa kulia, nikaketi papo hapo ngazini. Ilikuwa siku ya 23 tangu hedhi yangu ianze, jambo ambalo sikulitilia maanani mpaka nilipoulizwa na daktari.

Zahanati niliyokimbilia kwanza, ambayo sitaitaja, ilinipima joto la mwili, ikasema nina maambukizi ya njia ya mkojo, ikanipa dawa za kuua bakteria na kunirudisha nyumbani. Mkojo wenyewe haukupimwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anapopatwa na maumivu ya ghafla ya tumbo la chini, kipimo cha mimba hakipaswi kukosekana: mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba inaweza kupasuka na kumuua kwa kuvuja damu ndani kwa ndani, na dalili zake hufanana sana na zile nilizokuwa nazo.

Ilipofika saa nne usiku, bega nalo lilianza kuniuma na kila nikisimama napata kizunguzungu. Dada yangu akaita teksi, tukaenda hospitali ya pili.

Hapo ndipo nilipoona kazi ikifanywa ipasavyo. Muuguzi wa zamu alinipima presha nikiwa nimelala, kisha nimesimama, akachukua mkojo na damu, akasema, "Pole dada, tuanze na mimba, mengine yatafuata." Kijiti cha kipimo kilionyesha mstari mmoja tu: sikuwa mjamzito. Mtaalamu wa altrasaundi alinieleza kwamba kifaa huingizwa ukeni ili ovari zionekane vizuri, akaomba ruhusa yangu kabla ya kunigusa, kisha akanigeuzia skrini. Nyuma ya mji wa mimba palikuwa na kidimbwi cha kijivujivu, damu iliyotuama, na kwenye ovari ya kulia palikuwa na kifuko kilichosinyaa. Alihakikisha pia kwamba damu inapita ndani ya ovari, maana ovari iliyojisokota huhitaji upasuaji wa haraka.

Daktari wa magonjwa ya wanawake alieleza kwamba yai likishatoka, kifuko lilimokuwa kinaweza kujaa maji au damu, na kwamba vifuko vya namna hiyo hupasuka zaidi katika nusu ya pili ya mzunguko. Bega liliuma kwa sababu damu iliyomwagika tumboni husumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Nilipomwuliza, "Daktari, mtanipasua?" alijibu, "Hatupasui kwa sababu ya picha. Tutakupasua damu yako ikiendelea kushuka."

Nililazwa kwa uangalizi, nikapewa dripu na dawa za maumivu, na muuguzi akaja kupima presha kila saa. Hemoglobini yangu, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 11.4 nilipofika, 10.3 saa nne baadaye, na 10.2 asubuhi. Kipimo hicho cha tatu ndicho kilichoniepusha na kisu, nami naona ndicho nilichokilipia hasa, kwa kuwa damu ikishaacha kuvuja mwili huifyonza wenyewe. Gharama yote ilikuwa shilingi 31,400, na amana iliombwa baada ya vipimo, si kabla.

Kasoro ilikuwa moja. Karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani haikutaja dalili za kunirudisha hospitalini. Ilinibidi niulize ndipo nikaambiwa nirudi mara moja nikizimia, nikipata homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua. Niliuliza pia kuhusu vidonge vya kupanga uzazi, daktari akasema vinaweza kuzuia uvimbe mpya wa aina hiyo usitokee, lakini haviukaushi ambao tayari upo.

Nilirudi baada ya wiki sita kwa altrasaundi nyingine, na mtaalamu yule yule akanigeuzia skrini. Ovari ya kulia ilikuwa imerudia ukubwa wake, na nyuma ya mji wa mimba hapakuwa na kitu.